Kisu, Jivu na Kiazi

KULWA: Kisu cha mashine ya kukatia nyasi kilicholetwa Jumatatu kimekatika. Na hakikukatikia kwenye mchomeleo, bali pembeni yake.

MWAJUMA: Pembeni, kama kawaida. Haya, leo kwenye kipindi tumeahidi mambo matatu: rodi ya kuchomelea, kunoa, kusawazisha uzito. Anza, fundi.

KULWA: Aliyechomelea alipitisha rodi ngumu ya kromiamu, ile ya kuzuia kisu kulika, juu ya chuma baridi. Kisu kina kaboni. Ukikichomelea baridi, pembezoni panapoa ghafla, panakuwa kama kioo. Kipashe kwanza.

MWAJUMA: Mpaka wapi? Kipimajoto hakuna.

KULWA: Piga grenda pang'ae, weka juu ya mkaa. Pakigeuka rangi ya majani makavu, ni kama nyuzi 230. Pakiwa bluu, 300, chomelea. Ukimaliza usithubutu kumwagia maji. Fukia kwenye jivu kavu la moto mpaka kesho.

MWAJUMA: Lile lenye viazi vyako.

KULWA: Kiazi ndicho kipimo! Kikiiva hadi ndani, jivu linashika joto. Kikiungua ganda tu, jivu ni jembamba, ongeza.

MWAJUMA: Watu wa Urambo watatuletea picha za viazi tena. Wa Sikonge wao wataleta matobolwa kabisa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa.

KULWA: Walete, ila wasivifukie na kisu chenye grisi.

MWAJUMA: Turudi kwenye rodi, jamani.

KULWA: Milimita 3.2, ampea mia hivi, safu moja, upande wa chini ulio bapa. Juu kwenye mteremko usiguse: chuma laini kinalika kwanza, ukingo mgumu unabaki umechomoza. Kisu kinajinoa chenyewe.

MWAJUMA: Nyundo zinazozunguka ndani ya mashine ya kuparaza mabua, sawa, jaza pembe zake. Kisu cha nyasi, hapana. Rodi ile hupasuka nyufa ndogondogo za kukingama.

KULWA: Ni kawaida yake, nyufa hizo zinaachia mkazo ulio ndani.

MWAJUMA: Kwenye nyundo nene, ndiyo. Kwenye kisu chembamba cha milimita nne ufa unashuka hadi chuma chenyewe. Kisu cha sentimita 53, mizunguko 3,000 kwa dakika: ncha inakwenda mita 83 kwa sekunde. Kilomita 300 kwa saa, mguu wa mtu uko pale.

KULWA: Tandika kwanza rodi ya chuma cha pua, aina ya 312. Inazuia ufa.

MWAJUMA: Safu mbili juu ya milimita nne! Kisu kimebaki wapi? Nunua kipya.

KULWA: Kipya kinaisha kwa mchanga wetu kabla ya masika kwisha.

MWAJUMA: Kiishe. Hakitaruka.

KULWA: Sikubali.

MWAJUMA: Mimi pia. Zimebaki dakika mbili. Kusawazisha?

KULWA: Msumari ukutani, kisu kining'inie kwa tundu la kati. Upande unaoshuka ndio mzito. Usage mgongoni, usiguse makali. Nyundo pima jozi zinazotazamana, zilingane.

MWAJUMA: Na kunoa?

KULWA: Kunoa... nani kafunua jivu?