Fungu la Kedi

SALMA: Tumerudi. Leo kaka Gervas amekuja na karatasi mbili zimejaa maandishi, kwa hiyo jiandaeni, mna masomo.

GERVAS: Matatu tu, dada. Fedha za gofu zinatoka wapi, PGA Tour, ile ligi ya zamani ya Marekani, na LIV, ligi mpya ya fedha za Saudi Arabia, wanagombania nini hasa, na nani anaumia. Muda unatosha kabisa.

SALMA: Kabla ya masomo nitoe la moyoni, maana nimelala nalo tangu Jumamosi. Binamu yangu aliomba nimbebee mfuko wa fimbo kwenye mashindano ya hisani. Mnanijua, gofu naiangalia kuliko ninavyoicheza, nikakubali. Kundi letu lilikuwa na mzee mmoja anacheza na kedi, yaani mbeba mfuko, wa pale klabuni, kijana mtulivu. Shimo la 16, mzee ameshika fimbo, anataka kupiga, kijana akamwambia, "Mzee, upepo umegeuka, chukua fimbo namba saba." Akachukua. Mpira ukatua karibu na bendera. Mzee akashinda kikombe na zawadi nono.

GERVAS: Na kijana?

SALMA: Akapewa kile kile walichopatana asubuhi. Akashikwa bega, akaambiwa asante. Basi.

GERVAS: Si walipatana?

SALMA: Unaona sasa!

GERVAS: Nauliza tu. Walipatana au hawakupatana?

SALMA: Walipatana. Lakini walipopatana hakuna aliyejua kwamba kijana ndiye angeuona ule upepo.

GERVAS: Dada, hii ni kesi ya Matt Kuchar tupu, yule mchezaji Mmarekani. Sikupanga kuigusa leo, ila umeileta mwenyewe.

SALMA: Isimulie, wapo wasioijua.

GERVAS: Novemba 2018, Mexico, mashindano ya Mayakoba. Kedi wake wa kawaida hakuwepo, akachukua kedi wa pale pale. Kuchar akashinda. Hundi yake dola 1,296,000. Kedi akalipwa dola 5,000.

SALMA: Chini ya nusu ya asilimia moja.

GERVAS: Sasa weka hapo desturi ya wachezaji wa kulipwa. Kedi ana mshahara wake wa wiki, halafu mchezaji akishinda anampa takriban asilimia 10 ya zawadi. Ukimaliza kumi bora bila kushinda inashuka, mara nyingi asilimia saba. Ukivuka mchujo tu, yaani ukabaki kucheza siku za mwisho, tano. Kwa hesabu hiyo, ushindi ule ulikuwa na fungu la dola 129,600 kwa kedi.

SALMA: Na Kuchar siyo kijana anayehangaikia nauli. Kufikia hapo alishavuna zaidi ya dola milioni 40 kwenye zawadi peke yake.

GERVAS: Ndiyo. Habari ilipolipuka mwanzoni mwa 2019, kwanza alijitetea. Akasema kwa mtu anayepata dola 200 kwa siku, dola 5,000 kwa wiki moja ni fedha nyingi. Watu wakawaka. Baada ya siku chache akaomba radhi na kusema atamlipa dola 50,000, kiasi ambacho kedi mwenyewe alikuwa amekiomba.

SALMA: Ile kauli ya dola 200 kwa siku ndiyo inanichoma hadi leo. Anapima jasho la mtu kwa umaskini wake. Yaani kwa kuwa umezoea kidogo, kidogo kinakutosha.

GERVAS: Kauli ilikuwa mbaya, sitaitetea. Lakini makubaliano nitayatetea. Kwa maelezo yake walikubaliana viwango mwanzoni mwa wiki, na alilipa na nyongeza juu. Yule hakuwa kedi wake wa mwaka mzima, anayelala hoteli za bei poa na kula hasara kila mchezaji anapokosa mchujo. Ile asilimia 10 ni fidia ya wiki zote za ukame.

SALMA: Kwa hiyo ukipata bahati ya kufanya kazi na bingwa wiki moja, wewe si mtu kamili?

GERVAS: Sijasema hivyo. Nimesema hatari yake ilikuwa ndogo, na fungu linafuata hatari.

SALMA: Fungu linafuata kazi! Na hili halikuanza Mexico. Twende Augusta.

GERVAS: Augusta ipo somo la tatu...

SALMA: Imefika mapema. Kabla ya mwaka 1983, ukienda kucheza Masters, yale mashindano makubwa ya klabu ya Augusta kule Marekani, hukuruhusiwa kuja na kedi wako. Ulitumia kedi wa klabu, na makedi wa klabu walikuwa karibu wote wanaume weusi. Wao ndio waliojua kila mteremko wa zile grini, nyasi fupi zinazozunguka shimo. Na katika miaka hiyo hiyo, mchezaji mweusi wa kwanza kucheza Masters ni Lee Elder, 1975. Mashindano yalianza 1934! Kipengele cha PGA, chama cha wachezaji wa kulipwa cha Marekani, cha kutaka wazungu tu kiliondolewa 1961, lakini Augusta kuna watu walisubiri miaka mingine 14. Mwanachama mweusi wa kwanza wa klabu, 1990. Wanawake, 2012.

GERVAS: Na hapo kuna habari ya kedi Carl Jackson, ninayoipenda kuliko zote. Amebeba mfuko wa mchezaji Ben Crenshaw kwenye Masters miaka na miaka. Wameshinda pamoja 1984. Halafu 1995, Crenshaw anafika mchezo umemkataa, na mwalimu wake Harvey Penick amefariki wiki hiyo hiyo. Jackson akamwangalia uwanja wa mazoezi, akamwambia asogeze mpira nyuma kidogo na azungushe bega zaidi. Crenshaw akashinda Masters ya pili.

SALMA: Kedi ndiye aliyeona.

GERVAS: Kedi ndiye aliyeona, nakubali.

SALMA: Basi niambie, jicho kama lile unalilipa kwa siku?

GERVAS: Unalilipa kwa mlichokubaliana! Na kama soko linasema jicho hilo lina thamani, mchezaji mwingine atalinunua ghali. Ndivyo makedi wazuri wa leo walivyotajirika. Scottie Scheffler akishinda dola milioni 3.6 za Masters, kama 2024, kwa desturi ile ile kedi wake anaondoka na fedha ambazo wachezaji wengi hawajawahi kuziona.

SALMA: Na wale mia waliobaki? Umesahau kesi ya vizibao?

GERVAS: Sijasahau.

SALMA: Wasikilizaji, mnaviona vile vizibao vya makedi kwenye runinga, vyenye nembo ya mdhamini kifuani. Mwaka 2015 makedi waliishtaki PGA Tour, wakisema wanalazimishwa kuvivaa, wanageuzwa kuwa mabango ya biashara, na hawapati hata senti. Mwaka uliofuata jaji akaitupa kesi. Sababu kubwa? Walishakubali kuvivaa, ni sehemu ya masharti ya kazi. Makubaliano yako hayo, kaka.

GERVAS: Na sheria ilikuwa upande wa Tour.

SALMA: Sheria, ndiyo. Mimi nazungumzia haki.

GERVAS: Sasa kwa kuwa umeitaja Tour, niingize somo la pili kwa mlango wa nyuma. LIV ilipoanza Juni 2022, pale klabu ya Centurion nje kidogo ya London, zawadi ilikuwa dola milioni 25 kwa shindano moja. Wachezaji 48, hakuna mchujo. Charl Schwartzel akashinda dola milioni 4 za mchezaji mmoja mmoja, na aliyeshika mkia akaondoka na dola 120,000. Na makedi, dada yangu? LIV ikawalipia usafiri na malazi. Hao wanaoitwa waharibifu ndio waliomheshimu mbeba mfuko.

SALMA: Kwa fedha za mfuko wa taifa wa Saudi Arabia, PIF, ambao haukuhitaji faida. Ukarimu wa mtu asiyehesabu si kipimo cha haki.

GERVAS: Kedi akipata tiketi ya ndege anauliza imetoka wapi?

SALMA: Mimi nauliza! Na nakuuliza wewe. Dakika kumi nzima unaniambia makubaliano ni makubaliano. Phil Mickelson, Dustin Johnson, wale wachezaji waliohamia LIV, wote walikuwa wanachama wa PGA Tour. Kanuni zilisema ukitaka kucheza kwingine wiki ambayo Tour ina shindano, uombe ruhusa. Hawakupewa, wakaenda. Pale makubaliano yalikuwa wapi? Ya kedi wa Mexico ni msumari, ya milionea ni uzi wa buibui?

GERVAS: Hapana, tofauti ipo. Tour haikuwa ikiwalipa mshahara. Wachezaji ni watu wa kujitegemea, na wakati ule ukikosa mchujo ulirudi nyumbani mikono mitupu na gharama zako. Huwezi kumwambia mtu "mimi si mwajiri wako" halafu umkataze kufanya kazi kwingine. Hiyo ni kamba.

SALMA: Na kedi anayesubiri nje ya klabu apate mfuko wa wiki, yeye hana kamba? Akikataa masharti ya Kuchar, nyuma yake kuna wenzake kumi.

GERVAS: Anayo njaa, hana kamba. Kamba imefungwa na mtu, njaa haikufungwa na Kuchar.

SALMA: Lakini Kuchar aliitumia.

GERVAS: Aliajiri mtu kwa bei iliyokuwepo!

SALMA: Aliitumia, Gervas. Alijua desturi ni ipi, na alijua mwenzake hana nguvu ya kuidai. Halafu ushindani unaousifu umemfikisha wapi yule wa chini? Baada ya LIV, Tour ikaanza msimu wa 2022 hadi 2023 kuwahakikishia wachezaji wenye haki kamili ya kushiriki dola 500,000 kwa mwaka. Wachezaji. Kedi hakuna aliyemhakikishia kitu.

GERVAS: Hilo la wachezaji nililiweka kama ushahidi wangu! Miaka yote Tour haikufanya hivyo. Alipotokea mshindani, ikawezekana ndani ya miezi. Kedi anafaidika naye, maana asilimia yake inatoka kwenye zawadi kubwa zaidi.

SALMA: Kama mchezaji akipenda kuitoa.

GERVAS: Ni desturi!

SALMA: Ndiyo hoja yangu yote hiyo. Desturi haiandikwi popote. Ninachotaka mimi ni iandikwe. Kila mashindano ya kulipwa, kedi yeyote, wa mwaka au wa wiki, fungu la chini liwe kwenye kanuni.

GERVAS: Na mimi nasema ukiandika hivyo, siku ambayo kedi wake ameugua, mchezaji atabeba mfuko mwenyewe au atamchukua shemeji yake, na yule wa Mexico hapati hata hizo 5,000.

SALMA: Hatabeba. Unajua uzito wa ule mfuko? Bega langu linaujua.

GERVAS: Tumekwama.

SALMA: Tumekwama, na sisogei.

GERVAS: Wala mimi. Muda?

SALMA: Mtayarishaji anaonyesha vidole viwili.

GERVAS: Dakika mbili! Sijagusa Juni 6, 2023! Jay Monahan, mkuu wa Tour wakati huo, mwaka mmoja tu kabla alikuwa anawakumbusha waliohamia LIV kuhusu familia za waliouawa Septemba 11. Siku hiyo anakaa kwenye runinga pamoja na Yasir Al-Rumayyan wa PIF kutangaza makubaliano ya Tour na PIF, na wachezaji wanayasoma mtandaoni kama wewe na mimi. Mchezaji Rory McIlroy, aliyekuwa ameibeba Tour kifuani, akasema anajiona kama mwanakondoo wa kafara.

SALMA: Hilo linahitaji kipindi kizima.

GERVAS: Halafu wawekezaji wa Strategic Sports Group, dola bilioni 1.5 kwa Tour, Januari 2024. Na Jon Rahm kuhamia LIV, na...

SALMA: Kaka, kunja karatasi.

GERVAS: Somo la kwanza hata sijalifungua.

SALMA: Wiki ijayo tunaanza nalo, nakuahidi sitasimulia chochote. Wasikilizaji, kama umewahi kubeba mfuko, au umewahi kubebewa, tutumie ujumbe wa sauti utuambie mlipatana vipi. Na kama uko upande wa Gervas, tuma pia, tutausikiliza.

GERVAS: Wote?

SALMA: Wote. Kwaherini.