Kiwango Rejea cha Riba Kikikosewa, Hasara Ni ya Nani?

Mabibi na mabwana, mikopo mingi ya riba inayobadilika huandikwa hivi: "SOFR, jumlisha asilimia 2." SOFR ni kiwango rejea cha riba ya dola, yaani namba ya pamoja ambayo mikopo hupimwa nayo. Pande zote mbili zinaitegemea namba ambayo hakuna kati yao anayeitoa. Sasa, namba hiyo ikitoka na kosa, nani alipe?

Mtangazaji amekwishajitoa. Federal Reserve Bank of New York, sehemu ya benki kuu ya Marekani, hutangaza SOFR kila siku ya kazi, mnamo saa 2 asubuhi kwa saa za huko, na masharti yake ya matumizi yanakana dhima kwa hasara ya anayeitegemea. Kosa likibainika hurekebishwa siku hiyohiyo tu, mnamo saa 8:30 mchana, tena iwapo tofauti inazidi asilimia 0.01. Likigunduliwa kesho yake, namba inabaki ilivyo.

Tupige hesabu. Kosa la asilimia 0.05 kwenye dola 10,000,000, kwa mwaka wa siku 360, ni dola 13.89 kwa siku. Lakini chukua mkopo wa pauni 10,000,000 kwa asilimia 5 kwa siku 90. Riba ya SONIA, kiwango rejea cha pauni, hugawanywa kwa siku 365, inakuja 123,287.67. Karani akigawanya kwa 360 anapata 125,000. Hizo pauni 1,712.33 za ziada hazihusiani na mtangazaji, wala kanusho lake la dhima haliisaidii benki wakala, ile inayokokotoa riba kwa niaba ya wakopeshaji. Kwa maoni yangu, ugomvi mwingi huanzia hapa, kwenye meza ya mwenye kukokotoa. Kwa hiyo soma kifungu cha wakala: kinamkinga dhidi ya kosa la kiwango kilichotangazwa tu, au hata dhidi ya kunakili vibaya?

Kanusho nalo lina mipaka. Uingereza, katika kesi ya Hedley Byrne dhidi ya Heller (1964), ilikubalika kwamba anayetoa taarifa kwa uzembe anaweza kudaiwa fidia. Benki iliyoshtakiwa humo, Heller, iliponea kwa sababu ilitoa taarifa kwa sharti kwamba haibebi dhima. Tangu sheria ya Uingereza ya 1977 kuhusu masharti ya mikataba yasiyo ya haki, makanusho mengi ya uzembe kwenye biashara lazima yapimwe kama yana busara. Udanganyifu haufunikwi.

Kiwango kikikoma kabisa ni balaa jingine. LIBOR ya dola, kiwango rejea cha awali kilichotokana na makadirio ya jopo la benki, ilikoma 30 Juni 2023. Mikataba iliyosema "tumia kiwango cha mwisho kilichotangazwa" ilikuwa hatarini kugeuka mikopo ya riba isiyobadilika. Sheria ya Marekani ya 2022 iliweka kiwango mbadala kwa mikataba ya aina hiyo, ikamkinga na madai aliyekifuata.

Basi mkataba utaje ukurasa wa kiwango, saa ya kukisoma, idadi ya desimali, siku za mwaka, na saa ya mwisho ya kupokea marekebisho. Kutotangazwa siku moja na kukoma moja kwa moja viwe vifungu viwili tofauti. Na siku ya kukokotoa, hifadhi nakala ya ukurasa ikionyesha saa.