Mama Neema Wawili
Mhadhara kuhusu usalama wa mgonjwa, uliotolewa Mwanza mbele ya wauguzi, wanafunzi wa afya na wajumbe wa kamati za zahanati

Mwangaluka, ndugu zangu. Wazee wetu mliotangulia, shikamooni.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Nikiwa muuguzi kijana katika hospitali moja ya ukanda huu wa ziwa, wodini tulikuwa na Mama Neema wawili. Mnajua kwetu, mwanamke akishazaa jina lake mwenyewe linabaki kwenye vyeti. Mmoja alikuwa na kisukari. Mwenzake alitoka Ukerewe, amelazwa kwa nimonia. Saa kumi na mbili asubuhi, zamu ya usiku inaisha, wagonjwa wamezidi arobaini, wauguzi tuko wawili. Nikaita, "Mama Neema!" Aliyewahi kuitika nikamchoma insulini, dawa ya kushusha sukari mwilini. Hakuwa yeye.

Haikupita saa moja nikamkuta amelowa jasho hadi shuka, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la dada yake. Nikapima sukari, iko chini mno. Tukamtundikia dripu ya glukosi, fahamu zikamrudia. Kwenye kitabu cha makabidhiano nikaandika: "Mgonjwa alibadilika hali, amepewa glukosi, anaendelea vizuri." Insulini sikuitaja. Niliogopa barua ya onyo, niliogopa kufukuzwa, nikatoka zamu nikapanda daladala.

Angefariki yule mama, ndugu zake wangeambiwa tunachoambiana misibani: kazi ya Mungu haina makosa. Mimi ni muumini, na maneno hayo yamenifariji nilipozika wazazi wangu. Lakini Mungu hakunizuia kuuliza jina la pili. Sisi tunaotoa huduma tusilitumie jina lake kufungia faili.

Mji huu unajua kuuliza. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 ikija hapa, tulilia, kisha tume ikaundwa. Meli ilibeba watu wangapi? Nani aliiruhusu iondoke? Mgonjwa anadhurika peke yake, kitandani, nyuma ya pazia, na hakuna anayeuliza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mgonjwa 1 kati ya 10 hupata madhara akiwa anahudumiwa, na watu zaidi ya milioni 3 hufa kila mwaka kwa sababu hiyo. Ndiyo maana mwaka 2019 nchi wanachama zilikubaliana 17 Septemba iwe Siku ya Usalama wa Mgonjwa.

Hapa nchini zipo juhudi, tena za miaka. Mwaka 2015 serikali ilianza kuvipa nyota za ubora zahanati, vituo vya afya na hospitali za ngazi ya msingi. Awamu ya kwanza, vituo 34 katika kila 100 havikupata hata nyota moja. Kufikia 2017/18 vya namna hiyo vilibaki 4, na vyenye nyota tatu na zaidi vilipanda kutoka 2 hadi 20. Lengo lilikuwa 80, kwa hiyo tusijipongeze mapema. Nyota zinasaidia, ila mkaguzi akishaondoka, saa kumi na mbili ya asubuhi ni yenu.

Ninachokipenda zaidi ni vikao vya kupitia vifo vya akina mama wajawazito na watoto wachanga. Faili linasomwa bila jina la marehemu wala la mhudumu. Damu ilikuwepo? Nani aliitwa, akafika saa ngapi? Kama alitoka kisiwa cha Ukara, boti ya kumvusha kwenda Ukerewe ilipatikana lini? Katika utafiti wa kitaifa wa 2015/16 tulikuwa tukipoteza akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulipata 104. Vikao peke yake havikufanya hayo, maana vituo vingi vimepata vyumba vya upasuaji na wataalamu. Ila vikao vimewazoesha watu kusema mbele ya mkuu wao: hapa tulichelewa. Nataka ujasiri huo ufike kwenye sindano, kwenye dripu, kwenye chupa ya damu.

Na msidhani haya ni mambo ya kigeni. Orodha ya ukaguzi wa upasuaji inayotumika leo duniani ilijaribiwa katika hospitali nane, moja ikiwa yetu ya Ifakara. Timu inasimama mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu, kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Wanajitambulisha kwa majina, wanahesabu vitambaa vya kufyonza damu kwa sauti. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2009, vifo vya waliopasuliwa katika hospitali hizo kwa ujumla vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Ni karatasi moja tu, na watu waliokubali kusimama.

Wanafunzi wangu, wodini kesho msiite. Ulizeni: "Mama, jina lako kamili nani? Umezaliwa mwaka gani?" Msubirini ajibu mwenyewe, kisha mlinganishe na faili. Mkikosea, andikeni mlichokosea. Nanyi wasimamizi, anayeandika asipewe barua ya onyo siku hiyo hiyo, la sivyo mtakuwa mmewafundisha wengine wote kuandika kama nilivyoandika mimi.

Mama Neema wa Ukerewe aliruhusiwa siku ya nne. Wiki mbili baadaye alimtuma mwanawe aniletee mfuko wa dagaa, eti niliyaokoa maisha yake. Niliupokea, nikamwambia kijana amshukuru mama. Sikumweleza kitu.