Babu Yako Alizaliwa Wapi?

REHEMA: Haya, tumerudi, mawakili wenu wawili. Bakari kaja na chupa yake ya chai kama kawaida, kwa hiyo mkisikia kifuniko kinagonga meza msishangae. Leo tulipanga kumjibu binti mmoja wa Mbezi. Kamaliza shahada ya sheria, anasubiri kuingia Law School kusomea uwakili, anataka kufanya mambo ya uhamiaji na hajui aanzie wapi. Tumemwandikia mambo matano. Lakini kwanza nina la Jumanne.

BAKARI: Nilijua tu. Tangu umeingia hujakaa sawasawa.

REHEMA: Jumanne nilimsindikiza mteja kuomba pasipoti. Ofisi siitaji. Kijana wa miaka 24, kazaliwa Temeke, kasoma Temeke. Cheti cha kuzaliwa anacho, namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, anayo. Baba yake, Mungu amrehemu, alizaliwa Ngara, kule mpakani na Burundi na Rwanda, mwaka 1958. Basi yule afisa kafungua faili, kapekua, kauliza swali moja: "Babu yako mzaa baba alizaliwa wapi?" Kijana akanyamaza. Akaambiwa alete cheti cha kuzaliwa cha babu ndipo arudi.

BAKARI: Cheti cha babu! Wa Ngara!

REHEMA: Tuko kwenye bajaji ananiambia, "Wakili, huyo babu hata picha yake sijawahi kuiona." Sikulala vizuri siku ile.

BAKARI: Pole. Lakini tumweleze binti wa Mbezi kwa nini swali lile linaulizwa, maana akiona ni ukorofi tu hataweza kulijibu. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika inapata uhuru, haikusemwa kila aliyezaliwa hapa ni raia. Ilitakiwa uwe umezaliwa Tanganyika, na mzazi wako mmoja naye awe amezaliwa Tanganyika. Sasa baba wa kijana ni wa 1958. Uraia wake unategemea wazazi wake, ndio babu na bibi wa huyu kijana. Afisa hakulitoa hewani.

REHEMA: Hakulitoa hewani, lakini alilikata nusu. Umesema mzazi mmoja. Mbona hakuna aliyemuuliza bibi?

BAKARI: Hapo nakupa.

REHEMA: Bibi yule yuko hai! Yuko Ngara, ana akili zake timamu, anajua alizaliwa kijiji gani na nani alimkunga mama yake. Hakuna aliyemuuliza kwa sababu mwanamke hahesabiki kwenye ukoo. Sheria inamhesabu, kaunta haimhesabu. Haya, na wewe, wakili msomi, babu yako alizaliwa wapi?

BAKARI: Wangu? Jasini, kule Mkinga. Au… ngoja. Nyumbani husemwa Jasini.

REHEMA: "Husemwa."

BAKARI: Subiri nimtumie shangazi ujumbe wa sauti. Shangazi, shikamoo. Samahani kwa usumbufu, niko kazini. Hivi babu alizaliwa Jasini au wapi? Nijibu upesi, tafadhali.

REHEMA: Wasikilizaji, Bakari ana miaka 11 kwenye kazi hii.

BAKARI: Na miaka 11 hakuna aliyeniuliza. Unajua kwa nini? Jina langu na lafudhi yangu ya Tanga vinanitosha. Mtu wa mipakani kule magharibi, wa Ngara, wa Kigoma, wa Kyerwa, akifungua mdomo tu anaanza kuulizwa babu.

REHEMA: Mwaka 2001 aliulizwa hata Jenerali Ulimwengu, mwandishi na mbunge wa zamani. Serikali ikatangaza kwamba si raia. Kama yeye, huyu kijana wangu wa Temeke je?

BAKARI: Shangazi huyo kajibu. Sikiliza… Anasema, "Babu yako kazaliwa Vanga kwa mjomba wake, akaletwa Jasini ana siku arobaini."

REHEMA: Vanga ya Kenya?

BAKARI: Vanga ni palepale! Mstari ule waliuchora Mjerumani na Mwingereza mwaka 1886, Wadigo wakajikuta pande mbili na ndugu ni walewale. Mama anakwenda kujifungulia kwao, anarudi.

REHEMA: Na baba yako wa mwaka gani?

BAKARI: 1955.

REHEMA: Basi kwa upande wa babu huna kitu.

BAKARI: Usiniletee… Ngoja, kuna ujumbe mwingine. Anasema, "Hapana, wa Vanga ni kaka yake mkubwa. Babu yako ni wa Jasini, muulize mzee wa msikiti."

REHEMA: Mzee wa msikiti! Binti wa Mbezi, andika hilo. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Wazee wengi wa vijijini hawakuwahi kuandikishwa popote, kwa hiyo unamtafuta aliyekuwepo: mkunga, imamu, padri mwenye daftari la ubatizo. Unachukua viapo vyao wakiwa bado wana pumzi. Kumbukumbu za mtu wa miaka 85 hazingoji uapishwe na Jaji Mkuu.

BAKARI: Na bibi yangu ni wa Pangani, hilo halina ubishi.

REHEMA: Umeokolewa na bibi. Lakini sikia, mimi nasema hata bibi hakuhitajika. Kijana wangu kazaliwa baada ya Muungano. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Uraia ya 1995 kinasema aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano ni raia, kisha kinataja wanaoachwa nje: mtoto wa balozi wa nje ambaye wazazi wake wote si raia, na mtoto wa adui kwenye eneo lililotekwa. Basi. Babu hayumo humo.

BAKARI: Maandishi ndivyo yanavyosomeka. Uhamiaji hawakisomi hivyo, wanataka mzazi mmoja raia. Na wewe unajua.

REHEMA: Wanavyosoma wao si sheria.

BAKARI: Kwa mteja ndiyo sheria! Yule kijana anataka pasipoti, pengine kapata kazi Oman. Ukienda Mahakama Kuu kuomba mapitio ya uamuzi wa Uhamiaji, kuna kuomba ruhusa kwanza, kisha shauri lenyewe, kisha rufaa. Mkataba wa kazi haumngojei. Leta kiapo cha bibi, chukua pasipoti, nenda nyumbani.

REHEMA: Na wa kesho yake? Asiye na bibi aliye hai?

BAKARI: Wa kesho tutamshughulikia kesho. Wakili mgeni asipande mabega ya mteja ili aandike historia.

REHEMA: Na wakili mgeni akianza kwa kukubali swali lisilo la kisheria, ataendelea kulikubali hadi anastaafu. Chukua kesi ya Anudo Ochieng Anudo. Mwaka 2012 alikwenda polisi kufuatilia taratibu za ndoa yake, pasipoti ikashikiliwa. Mwaka 2014 kapelekwa Kenya, Kenya nao wakamkataa, akakaa Sirari katikati ya nchi mbili. Machi 2018 Mahakama ya Afrika pale Arusha ikasema: mtu ana nyaraka za uraia, anayedai si raia ndiye athibitishe. Hilo lisingesemwa bila mtu kushtaki.

BAKARI: Na Novemba 2019 Tanzania ikajitoa kwenye tamko lililoruhusu mtu binafsi kwenda pale moja kwa moja. Anudo wa leo angeingilia mlango upi?

REHEMA: Ndiyo maana Mahakama Kuu isiachwe.

BAKARI: Sijasema iachwe. Nasema si kwa mgongo wa huyu kijana.

REHEMA: Mgongo ni wake, na Jumatano nilimuuliza. Kasema anafikiria.

BAKARI: Ulimuuliza vipi? Ulimwambia kwamba inaweza kuchukua miaka?

REHEMA: Nilimwambia.

BAKARI: Sikubali, Rehema.

REHEMA: Hata mimi sikubali. Dakika ngapi zimebaki?

BAKARI: Mbili. Na katika yale matano hatujasema hata moja.

REHEMA: Sema la vibali basi, ndiyo chakula chako.

BAKARI: Haraka haraka. Tangu sheria ya 2015, mgeni anayeajiriwa ana milango miwili: kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, kibali cha ukaazi daraja B kwa Uhamiaji. A ni mwekezaji, C ni mwanafunzi, mtafiti, mmisionari na wengine. Binti, ukipata ofisi inayofanya vibali, ingia. Utajifunza kupanga faili, na faili ndilo…

REHEMA: Simu yako inawaka.

BAKARI: Shangazi tena. Anasema mzee wa msikiti anaumwa, kama nina swali nije mwenyewe wiki hii.

REHEMA: Utapanda basi la Alhamisi?

BAKARI: La kesho alfajiri. Yale matano msomee wewe wiki ijayo.