Bahari Tunayoipaka Rangi Moja

Assalamu alaykum, walimu wenzangu. Nimeombwa nizungumzie milima, mabonde na maji makubwa ya Tanzania. Kilimanjaro hamnihitaji mimi: mita 5,895, kila mwanafunzi wa Pemba anaitaja usingizini. Muulizeni huyo huyo bahari iliyopo kati ya Pemba na Tanga ina kina gani, atanyamaza. Ramani ya ukutani imeipaka buluu ile ile ya kati ya Mjini Unguja na Bagamoyo, na hili nitalipigia kelele kila nikipewa nafasi.

Mkondo wa Unguja, yaani bahari ya kati ya Unguja na bara, sehemu yake kubwa una kina cha mita 30 hadi 50. Mkondo wa Pemba, ule wa kati ya Pemba na Tanga, unafika mita 800 hivi. Hizi ni bahari mbili mbalimbali, na mtoto anaziona moja.

Chukueni karatasi ya miraba. Kwa mlalo, sentimita 1 iwe kilomita 5. Kwa wima, sentimita 1 iwe mita 100. Bagamoyo hadi Mjini ni kilomita 40 hivi, basi sentimita 8. Mwambao wa Tanga hadi Pemba ni kama kilomita 50, basi sentimita 10. Sasa shusheni kina. Mchoro wa kwanza unashuka nusu sentimita tu. Wa pili unashuka sentimita 8 nzima, na hapo darasa litaamka.

Wapi panaharibika? Kwanza, wima tumeukuza mara 50. Mwalimu asiposema, mtoto anaondoka na picha ya genge lenye kuta zilizosimama. Kwa kipimo kimoja pande zote, zile mita 800 ni milimita moja na nusu; mchoreeni na huo, auone. Pili, ramani za bahari za zamani huandika kina kwa pima. Pima moja ni mita 1.83, kwa hiyo anayesoma pima 437 kama mita ameifuta karibu nusu ya bahari. Tatu, kina huhesabiwa kutoka maji yaliyokupwa sana. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, likijaa, ongezeni karibu mita 4: Mkondo wa Pemba hausikii, ila Mkondo wa Unguja umeongezeka kama sehemu ya kumi.

Mtaniambia mtihani hauulizi haya. Haya, mtihani hauulizi, lakini mvuvi wa Kigomasha, kule ncha ya Pemba, anapata jodari na nduwaro bila ya kwenda mbali kwa sababu kina kirefu kipo karibu na ufukwe wake. Mtoto wake anakaa darasani kwenu.

Tena kina ndicho kinachoeleza visiwa vyenyewe. Miaka 20,000 hivi iliyopita bahari ilikuwa chini ya ilivyo leo kwa kama mita 120. Toeni 120 kwenye 50: Mkondo wa Unguja ulikuwa nchi kavu, na mnyama alitoka bara kwa miguu. Ndiyo maana pango la Kuumbi, upande wa Jambiani huko Unguja, limetoa mifupa ya punda milia na nyati. Toeni 120 kwenye 800: zinabaki mita 680 za maji, na Pemba ilibaki kisiwa. Popo wake mkubwa, ambaye hayupo pengine popote duniani, ana mbawa. Najua mtasema, mbona msitu wa Ngezi, Pemba, kuna kima punju? Wale waliletwa na watu kutoka Unguja miaka ya 1970.

Kwa kipimo kile kile cha wima, nendeni Ziwa Tanganyika. Uso wake uko mita 773 juu ya bahari, na penye kina kirefu kabisa ni mita 1,470. Fanyeni hesabu: sakafu yake iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari. Chini ya Tanganyika na chini ya Mkondo wa Pemba panakaribiana! Zote mbili ni kazi ya ardhi iliyopasuka na kuzama. Ziwa Viktoria, pamoja na ukubwa wake wote, lina mita 80 tu, milimita 8 kwenye karatasi yenu, kwa sababu limekaa kwenye sahani kati ya matawi mawili ya Bonde la Ufa.

Rufiji na Rukwa nilikuwa nazo, muda hautoshi. Karatasi na rula zimo mezani. Anzeni na mchoro wa Tanga hadi Pemba, na mwandike kipimo kabla ya kuvuta mstari wowote.