Usiisugue bastola ya babu: namna ya kusoma nakshi na kuandika habari za ukoo

Mbukwenyi! Karibuni tena. Leo niko nyumbani, Dodoma mjini, na hapa mezani sina bastola. Nina karatasi tatu, picha nilizochapisha, na simu yenye sauti ya bibi yangu. Bastola yenyewe iko mikononi mwa polisi, na ndipo tunapoanzia.

Hatua ya kwanza: msiishike. Mzee akifariki mkakuta silaha kwenye sanduku lake, hata ikiwa imeshikwa na kutu, ichukulieni kuwa ina risasi. Msiifungue, msiijaribu, na tafadhali msipande nayo bodaboda kuipeleka kituoni. Mwiteni mwenyekiti wa mtaa, pigeni simu polisi, waje wenyewe. Kibali cha silaha ni cha mtu, si cha ukoo. Babu alikuwa nacho, karatasi iliyokunjwa mara nne, lakini alipozikwa hakikutugeukia sisi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ina utaratibu wake, na kikao cha familia hakiwezi kuuruka.

Sisi tuliandika barua fupi kuomba tuchukue kumbukumbu ya maandishi yaliyo juu yake. Askari akaikagua, akahakikisha haina kitu, akaiweka mezani mbele yake. Haya yote ninayowaonyesha tuliyafanya pale, yeye akiwa anatazama.

Hatua ya pili ni kutofanya kitu: msiisafishe. Tazameni picha hii, hapa kwenye mgongo wa mpini. Mnaona majani yaliyochongwa yakijikunja, halafu herufi mbili, halafu “Dodoma 1926”? Sasa angalieni herufi ya kwanza. Imebaki mguu na nusu ya tumbo. Binamu yangu, siku ya matanga, aliisugua kwa msasa ili wageni waione inang'aa. Hakuwa na nia mbaya, lakini mimi niliumia sana. Nakshi ya namna hii hukatwa kwa tindo ndogo sana, mistari haiendi chini. Msasa hula kingo kwanza, na kingo zikishaisha hakuna fundi wa kuzirudisha. Weusi uliojaa ndani ya mistari, ambao watu huuona uchafu, ndio unaofanya maandishi yasomeke. Kwa hiyo msasa hapana, stili waya hapana, mafuta ya taa hapana.

Hatua ya tatu, picha. Zimeni flashi. Chukueni simu ya pili, washeni tochi, muilaze ubavuni ili mwanga upite juu ya chuma badala ya kukipiga usoni. Ni kama shambani: jua la mchana halikuonyeshi matuta, la jioni linaonyesha kila tuta na kivuli chake. Piga, zungusha tochi kidogo, piga tena. Weka rula pembeni katika kila picha.

Hatua ya nne ndiyo ninayoipenda. Karatasi nyembamba, ile mafundi cherehani wanayokatia vipimo, na penseli laini. Bana karatasi isicheze. Laza penseli, usiisimamishe, halafu pitisha polepole kuelekea upande mmoja tu. Mkono uwe mwepesi, kama unampapasa mtoto aliyelala. Mnaona? Herufi zinapanda zenyewe, nyeupe katikati ya kijivu. Fanya nakala tatu, kwa sababu ya kwanza huharibika karibu kila mara.

Sasa kusoma. Tusianze na nakshi, tuanze na alama za kiwandani. Upande wa kushoto wa mwili wa bastola imepigwa “WEBLEY”, chini yake “MARK VI”, kisha “1917”. Hiyo ni revolva ya jeshi la Uingereza iliyotengenezwa Birmingham, silinda lake lina matundu sita. Aina hii iliingizwa jeshini mwaka 1915. Halafu kuna kamshale kama unyayo wa kuku: alama ya mali ya Serikali ya Uingereza. Lakini hapa, nisogeze kamera, mishale ni miwili na ncha zimeelekeana. Maana yake ilitolewa jeshini ikauzwa. Kwa hiyo aliyechonga majani na ule mwaka 1926 hakuwa jeshi. Alikuwa mwenyewe mpya.

Na hapo ndipo nilipopata shida. Nyumbani kwetu tumekua tukiambiwa kuwa ni bastola ya Mjerumani, ilichukuliwa vitani. Jeshi la Uingereza liliingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916, Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini. Bastola ya Kiingereza ya 1917 haikuweza kunyang'anywa kwa Mjerumani hapa mjini. Baba mdogo akasema basi bibi anakosea, umri umekwenda.

Hatua ya tano: msiseme hivyo mpaka mmesikiliza. Nilikwenda kwa bibi kijijini, nikakaa siku mbili. Washa kinasa sauti cha simu, kiweke juu ya kigoda, usikishike mkononi. Mwache mzee aongee kwa lugha yake. Bibi aliongea Kigogo na nikaandika Kigogo chake kama kilivyo. Usimuulize mwaka. Muulize: ni kabla ya Mtunya au baada? Kila Mgogo mzee anaijua ile njaa iliyokuja na vita, kuanzia 1917 hadi 1920, hata kama aliisikia kwa mama yake. Muulize: karanga za Kongwa, ule mradi wa Waingereza wa mashamba ya karanga, zilikuwa zimeshaanza? Hapo umefika 1947. Ilikuwa kabla ya Uhuru?

Bibi akasema: karanga zilikuwa zimeshakufa, Uhuru bado. Nikamuuliza vita vilikuwa vipi. Akanishangaa. “Vita gani, mjukuu wangu? Mimi sijasema vita.”

Ndugu zangu, nilirudia ile sauti mara tano. Babu alikuwa karani wa stesheni. Mzungu mmoja wa reli, mzee, alipokuwa anaondoka nchini ndipo bastola ikaja kwa babu. Na reli hii iliyofika Dodoma mwaka 1910, wazee wetu waliiita reli ya Mjerumani hata baada ya Mwingereza kuishika. Bastola ya reli ya Mjerumani. Neno “reli” lilidondoka njiani, na “vita” tukaliongeza sisi wanaume wa ukoo, kwa sababu linapendeza kusimuliwa. Bibi hakukosea hata neno.

Hatua ya mwisho, rudini kwa mzee na karatasi. Nilimwekea bibi nakala ya penseli mapajani. Hasomi, lakini alipitisha kidole juu ya majani. Nikamweleza kuwa herufi ya kwanza imeliwa, inaweza kuwa R, inaweza kuwa P. Akataja jina walilokuwa wakimwita yule mzee wa reli. Linaanza na R. Kwenye faili nimeiandika kwa penseli, na pembeni nimeandika: kwa mdomo wa bibi, na tarehe ya siku ile.