Shati la nani, kofia ya nani: jinsi ubongo unavyounganisha tunachokiona
(Mhadhara wa wazi uliotolewa Moshi)

Wazee wangu shikamooni, na wengine wote habari za jioni. Asanteni kwa kuja, hasa nyinyi mlioshuka kutoka Kibosho na Marangu na mvua hii.

Nimekuja na jambo linaloniumiza kila ninaposikia kelele za "mwizi!" upande wa stendi au soko la Mbuyuni. Mtu mmoja anapaza sauti: "Ni yule mwenye shati jekundu na kofia nyeusi!" Punde si punde kijana mwenye shati jekundu na kofia nyeusi yuko chini, na watu wameshika mawe. Hakuna aliyeuliza kama mpiga kelele alimwona mtu mmoja mwenye vyote viwili. Huenda shati lilikuwa la huyu na kofia ya yule, ubongo wake ukamvisha mtu mmoja. Sisemi kwamba amedanganya. Anaweza kuapa kwa moyo safi, na mtu anayemweleza akawa hajawahi kuwepo.

Tazameni bango la kwanza hapa ukutani. Lina herufi 30: T za kahawia, X za kijani, na moja tu ya bluu. Iko wapi? Haya, mmeshanyoosha vidole kabla sijamaliza kuuliza. Sasa bango la pili. T za kahawia, X za kijani, na katikati yao imejificha T moja ya kijani. Itafuteni. Mnaona ukumbi ulivyonyamaza? Macho yanatembea. Dada pale nyuma ameipata, wengine bado. Herufi ni 30 vilevile, na taa hatukuzigusa.

Majaribio ya aina hii yalifanywa na Anne Treisman, mwanasaikolojia mzaliwa wa Uingereza, pamoja na Garry Gelade, wakayachapisha mwaka 1980. Walikuwa wakibadilisha idadi ya herufi: 1, 5, 15, 30. Kwa herufi ya bluu, kuongeza idadi hakukumchelewesha mtu kwa kiasi cha kutajika. Kwa T ya kijani, kila herufi iliyoongezwa iliongeza takriban milisekunde 30 (sekunde moja ina milisekunde 1,000), na pale ambapo T hiyo haikuwepo kabisa, zaidi ya 60. Hiyo takriban mara mbili ndiyo iliyowafumbua macho. Kitu kikiwepo, kwa wastani utakikuta umeshapitia nusu ya herufi. Kisipokuwepo, huna budi kuzimaliza zote. Maana yake watu walikuwa wanakagua moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo wakasema hivi: rangi, mlalo wa mstari, mwendo, hizi sifa moja moja ubongo huziokota kote kwa mpigo, bila jasho. Kuziunganisha, kujua kwamba kijani hiki ni cha T hii, kunangoja umakini ufike mahali penyewe. Na umakini hauwezi kufika kila mahali kwa wakati mmoja.

Mtu atauliza, kwani zilitengana lini hata ziunganishwe? Zinatengana kichwani, sehemu za nyuma, usawa wa kisogo. Huko kuna maeneo yanayoshughulika zaidi na rangi na mengine yanayoshughulika zaidi na mwendo. Mwaka 1983 Josef Zihl na wenzake walimwelezea mwanamke wa Ujerumani aliyeumia ubongo pande zote mbili. Rangi aliziona. Vitu alivitambua. Kilichompotea ni mwendo. Akimimina chai, aliiona imeganda hewani kama barafu, na hakuweza kujua aache lini, maana hakuona ikipanda kikombeni. Hebu fikirini kumkaribisha mgeni katika hali hiyo! Barabara kuvuka ilikuwa taabu: gari liko mbali, mara liko hapa.

Sasa turudi kwa mpiga kelele wetu. Mwaka 1982 Treisman na Hilary Schmidt waliwaonyesha watu herufi za rangi kwa kitambo kifupi mno, pembeni zikiwa na tarakimu mbili ambazo mtu alitakiwa azitaje kwanza, ili umakini wake ushikwe huko. Halafu wakamuuliza kuhusu herufi. Watu walitaja rangi iliyokuwepo na herufi iliyokuwepo, ila walizioanisha vibaya: rangi ya hii wakaipa ile. Na mara nyingi walisema wameona, hawakusema wamebahatisha.

Kuna mgonjwa anayejulikana kwa herufi R.M., aliyeharibiwa na kiharusi sehemu za juu za ubongo kwa nyuma, kushoto na kulia, ambako umakini huelekezwa mahali. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1995. Yeye aliwekewa herufi mbili tu, akapewa hadi sekunde 10 nzima, na bado alizichanganya rangi zake, ya hii akaipa ile. Macho yake yalikuwa yanaziona. Kwa maoni yangu huu ni ushahidi mzito kuliko ule wa maabara wa kumulika na kuzima, kwa sababu hakuna anayeweza kusema alikosa muda.

Si kila mtu alikubaliana na Treisman kwa yote. Jeremy Wolfe na wenzake walionyesha mwaka 1989 kwamba hatutafuti kipofukipofu: ukiambiwa kitu ni chekundu, wekundu huuvuta umakini wako, na utafutaji unakuwa mwepesi. Nakubaliana naye. Lakini kwa habari ya mwizi, hilo linanitisha zaidi. Ukishatamka "shati jekundu" sokoni, umewaelekeza watu mia macho yao pa kutua.

Mzee mmoja ameniuliza wakati wa chai: mbona aliyeibiwa alikuwa karibu kabisa? Mzee wangu, ukaribu hausaidii kama umakini uko kwingine. Elizabeth Loftus na wenzake, mwaka 1987, walifuatilia macho ya watu yanatua wapi walipotazama picha za mteja mgahawani. Aliyeshika bastola, macho yaliganda kwenye bastola. Aliyeshika hundi, hayakuganda hivyo. Na waliotazama bastola walimtambua mtu huyo vibaya zaidi. Panga litafanya vivyo hivyo.

Wenyeviti wa mitaa na sungusungu mliomo humu, ninawaomba hili: watengeni mashahidi kabla hawajazungumza wao kwa wao. Kila mmoja asimulie mwenyewe, bila kutajiwa rangi wala nguo. Kisha muulizeni alikuwa anatazama nini tukio lilipotokea: mkono, mkoba, panga au uso. Akijibu kwamba alikuwa anatazama panga, andikeni hivyo, na yale ya shati na kofia yaandikeni kila moja peke yake. Kijana mpelekeni polisi akiwa mzima.